Maswali ya wasomaji: Mbona leza inapita kwenye kioo, halafu utando mdogo unaishinda?

*Mukubwa, jambo sana. Mimi ni fundi wa telefone, niko Birere hapa Goma, niko na ile mashini ya leza ya kutoa vitri ya nyuma, ya wati 20, tuliinunua watu wawili na pesa ya likelemba. Kazi ya vitri inaenda muzuri sana, leza inapita ndani ya kioo inaunguza rangi na kole ya chini, kioo chenyewe hakisikie kitu, kisha unaondoa tu na kisu. Sasa kuna mutu aliniletea tablete ya zamani, tachi yake iko na sehemu inajibonyeza yenyewe. Nikafungua, nikafika kwa ule utando wenye hauonekane, wenye unapitisha umeme juu ya kioo, na nilishasikia kama kuna watu wanaukata na leza ili kutenga sehemu mbaya. Nikajaribu. Kwa 20% hakuna kitu. 40% hakuna kitu. 70% ikatoka alama ya kahawia na mapovu ndani, nikapima na multimetri, umeme bado unapita! 90% kioo kikasema ta, kikapasuka. Nililipa tablete ya mutu. Sasa minauliza, namna gani leza yenye inaandika mpaka kwenye chuma inashindwa na kintu kembamba hivi? Ninunue ya wati 50?*
*Fundi wa Birere, Goma*

Fundi, jambo sana, na pole ya tablete. Naanza na mwisho wa barua yako: hiyo ya wati 50 usinunue, weka dola zako, juu mashini yako haijakosa nguvu, imekosa haraka. Najua inasikika kama mchezo wa maneno, leza tena ikose haraka, lakini ngoja kidogo.

Nusu ya jibu umeiandika mwenyewe. Umesema leza inapita ndani ya kioo, inaunguza rangi ya chini, kioo hakisikii kitu. Ndivyo kabisa. Mwanga hauchomi pale unapopita, unachoma pale unapomezwa, na kioo hakina njaa na mwanga wa mashini yako. Hizo mashini za fiba zinatoa mwanga wa nanomita 1064 (huo ni urefu wa wimbi lake), jicho haliuoni, na kila fotoni yake, yaani kila punje ya mwanga, imebeba elektroni-volti 1.17 tu, hicho ni kipimo kidogo sana cha nishati. Elektroni ya kioo safi cha silika, ili ichomoke pale ilipofungwa, inadai karibu 9. Punje ya 1.17 inafika mlangoni, bei haitoshi, inaendelea na safari yake. Rangi nyeusi ya chini yenyewe haina masharti, inakula kila kinachokuja, inapata moto, inaungua. Njo maana vitri ya nyuma inatoka bila shida, kwa leza yako kile kioo ni dirisha.

Utando wa tablete uko katikati ya hao wawili. Jina lake ni ITO, oksidi ya indiumu iliyochanganywa na oksidi ya bati, kwa kawaida 90 kwa 10 ukipima kwa kilo. (Bati inatoka kwenye kasiterite, ndiyo, yale mawe meusi ya Walikale ambayo kila mtu wa Goma ana shemeji aliyewahi kuyauza. Indiumu nayo inapatikana zaidi wakati watu wanasafisha zinki. Kwa hiyo ukigusa ekra ya tachi unagusa vumbi la machimbo, ila limepigwa jembamba mpaka mwanga unapita.) Jembamba kiasi gani? Mara nyingi nanomita 100 mpaka 200. Chukua unywele wa kichwa, unene wake mikromita kama 70, ukipanga tando za nanomita 150 moja juu ya nyingine unahitaji zaidi ya 400 kufikia unywele mmoja. Ni oksidi kama kioo, inaacha mwanga upite, lakini ndani yake kuna elektroni nyingi zisizofungwa, ndizo zinapitisha umeme, na ndizo zinameza kidogo ule mwanga wa 1064. Kidogo, si sana.

Hicho "kidogo" ndicho kilichokuua. Kwa 20 na 40 karibu mwanga wote ulipita, uliobaki haukutosha kitu. Kwa 70 utando ulianza kumeza vya kutosha kupata moto, lakini leza yako haiwaki mfululizo, inatoa mwanga kwa mapigo mafupi, na pigo moja la mashini kama yako linachukua muda kama nanosekunde 100 (nanosekunde ni sekunde moja ukiigawa kwa bilioni), na ndani ya muda huo moto haukai ulipo, unashuka kwenye kioo karibu nusu mikromita, mara tatu ya unene wa utando wenyewe. Maana yake ulikuwa unapika kioo ukifikiri unakata utando. Utando ukayeyuka, ukachanganyika na kioo kilicholainika, ukaganda tena palepale ukiwa na rangi ya kahawia, na kwa sababu haukuondoka umeme ukaendelea kupita, multimetri yako haikudanganya. Kwa 90 sehemu ndogo ya kioo ilipanuka wakati jirani zake bado baridi. Ile ta uliyoisikia ni hiyo.

Mimi niliwahi kuangalia alama kama hiyo kwenye mikroskopu, ya rafiki aliyefanya kosa lako. Ukiiona kwa macho ni mstari. Ukiikuza ni mfereji wa matope, kingo mbili zimenyanyuka kama udongo pembeni ya shimo la bomba la maji, katikati kuna vipovu na nyufa ndogo zinazokimbia kila upande kama miguu ya buibui. Hakuna mahali pamekatwa kweli.

Sasa tuje kwenye haraka. Hesabu ya mwanga ni rahisi, kwa nanosekunde moja unatembea sentimita 30. Pigo lako la nanosekunde 100 basi lina urefu wa mita 30, ni kama kamba, ncha yake ya mbele imeshafika kwenye kioo na mkia bado uko nje barabarani kwa wauza mafuta. Leza za haraka sana, zile za femtosekunde, pigo lake linaweza kuwa femtosekunde 300. Femtosekunde moja kwa sekunde moja ni kama sekunde moja kwa miaka zaidi ya milioni 31, sitaki ujaribu kuiwaza, mimi nilishindwa. Waza urefu: femtosekunde 300 za mwanga ni mikromita 90, unywele na kidogo. Na kwa kuwa mwali wenyewe una upana wa milimita kadhaa kabla ya lenzi, hilo pigo lina umbo la chapati, pana na jembamba, linaruka kwa kasi ya mwanga na kutua lote kwa wakati mmoja.

Tulinganishe, toa kalkuleta ukipenda. Mashini yako ya wati 20 ikipiga mara elfu 20 kwa sekunde, kila pigo lina milijouli 1, ukiigawa kwa nanosekunde 100 unapata wati elfu 10 pale kileleni. Chukua femto inayotoa mikrojouli 1 tu, mara elfu moja chini ya yako, uigawe kwa femtosekunde 300: wati zaidi ya milioni 3. Nishati ndogo mara elfu, kilele kikubwa mara 300 na zaidi. Na ikipiga mara laki moja kwa sekunde, kwa wastani inatoa wati 0.1. Taa ya kichwani ya mchimbaji inaizidi! Njo maana nilikuambia wati 50 hazitakusaidia, utaongeza moto tu.

Lakini kwa nini kilele kikubwa kibadilishe tabia ya kitu kinachopitisha mwanga? Hapa ndipo panaponipendeza mimi. Waza ukuta wa mawe ya volkano, zile parcelle zetu, na ndani kuna mti wa avoka. Mtoto mmoja akifika peke yake haoni hata tawi, anapita. Wafike watoto wanne, mmoja asubuhi, mmoja saa sita, mmoja jioni, mmoja kesho, avoka ziko salama. Lakini wafike wanne kwa dakika moja, wapandane mabega, yule wa juu anavuka. Ukuta haujapungua hata jiwe, watoto hawajaongezeka urefu. Kilichobadilika ni kwamba wamekutana. Fotoni ni hivyohivyo. Moja ya elektroni-volti 1.2 haiwezi kuchomoa elektroni ya ITO inayodai kama 3.7, lakini zikifika nne pamoja kabla ya ya kwanza kuondoka, elektroni inazimeza zote nne kwa mpigo na inaruka ukuta. Maria Göppert-Mayer aliliandika jambo hili mwaka 1931, kwa fotoni mbili, kwa kalamu na karatasi, wakati hakuna mwanga wowote duniani wenye msongamano wa kulijaribu. Leza ya kwanza ya Theodore Maiman iliwaka mwaka 1960 na mwaka uliofuata tu fotoni mbili zikaonekana zikimezwa pamoja. Miaka 30 mama huyo alingoja.

Sasa hesabu mabega. Utando unadai watoto 4. Kioo safi cha silika kinadai 9 ugawe kwa 1.2, inatoka 7.5, na nusu mtoto hayupo, basi 8. Na hii si mara mbili ya ugumu, ni mbali kabisa: ukiongeza msongamano wa mwanga mara mbili, tukio la fotoni 4 linaongezeka mara 16, la fotoni 8 mara 256, na ukipunguza linaanguka hivyohivyo. Kwa hiyo kuna kiwango ambapo utando umeshavunjika na kioo cha chini bado kinashangaa. Kioo cha tablete si silika safi, kimechanganywa na vitu vingine, ukuta wake ni mfupi kidogo, lakini bado ni mrefu kuliko wa utando. Nafasi ipo, fundi anafanya kazi ndani ya nafasi hiyo.

Na moto? Elektroni zikishajaa nishati zinahitaji pikosekunde kadhaa (moja ni femtosekunde elfu) kuipasia atomi, ndipo atomi zinaanza kutikisika, na hiyo ndiyo tunaita joto. Pigo la femtosekunde 300 limekwisha zamani, mlango umefungwa, atomi ndiyo kwanza zinapata habari. Ule utando unapasuka na kuruka kama mvuke na vipande vidogo, unaondoka na sehemu kubwa ya joto lake, jirani hajaambiwa. Kingo zinabaki safi na multimetri inasema hakuna kitu.

Kuna na jambo la kizingiti, na kwa hili sisi wa Goma tuna bahati. Asubuhi ukiangalia Nyiragongo, siku nyingine mawingu yamekaa kiunoni, mlima mzima upo lakini unaona kichwa tu. Mwali wa leza una umbo la mlima, nguvu nyingi katikati, pembeni inashuka taratibu. Chini ya kizingiti utando hauvunjiki, juu yake unavunjika. Kizingiti ndiyo yale mawingu. Ukipunguza nguvu mpaka kichwa kidogo tu kinachungulia, shimo unalopata ni dogo kuliko mwali wenyewe, unaweza kuwa na mwali wa mikromita 20 ukachora mstari wa 8. Na watu wa maabara wanatumia hilohilo kupima kizingiti: wanapiga matundu kwa nguvu tofauti, wanapima upana wa kila tundu, wanachora mstari, pale upana unapofika sifuri ndipo kizingiti kilipo. Hata wewe, ukiwa na leza ya UV nitakayoitaja huku chini, unaweza kufanya hivyo kwenye ekra iliyokufa, kabla hujagusa ya mtu.

Nisiisifie femto kama wachungaji wa vipaza sauti. Ukipiga mapigo mengi sana palepale kwa haraka, mamilioni kwa sekunde, moto mdogo wa kila pigo unarundikana na unaunguza kama kawaida. Mahali palipopigwa mara kumi kizingiti chake kinashuka, pamechoka, kwa hiyo hesabu ya pigo moja si hesabu ya mapigo mia. Na ukikaa karibu na kizingiti uso unaota mikunjo midogo midogo, imepangana kama mistari ya shamba, nafasi yake karibu na urefu wa wimbi la mwanga wenyewe, ukiigeuza kwenye jua inatoa rangi za upinde wa mvua. Wengine wanaitafuta makusudi, wewe kwenye ekra hutaitaka.

Mbona basi zamani hazikuwepo? Juu pigo fupi likiongezwa nguvu linavunja kioo cha mashini yenyewe inayoliongeza. Mwaka 1985 Donna Strickland na Gérard Mourou, wakiwa Rochester kule Marekani, walipata ujanja. Ni kama lori la makaa mbele ya daraja bovu: shusha magunia, pakia kwenye chukudu, zile baiskeli zetu za mbao, moja moja, zivuke kwa mstari mrefu, ng'ambo pakia tena lori. Walinyoosha pigo likawa refu na laini, wakaliongeza nguvu, kisha wakalikunja tena. Zawadi ya Nobel walikuja kuipata 2018.

Wewe ufanye nini? Femto ya kiwandani bei yake inaanza kwenye makumi ya maelfu ya dola, hiyo hata likelemba ya Birere nzima haitatosha, na umeme wetu ukikatika katikati utalia. Ya kati ni leza ya UV ya nanomita 355, hizo za kuandika kwenye plastiki na kioo. Fotoni yake ina elektroni-volti 3.5, yaani huyu ni mtoto mrefu, peke yake anakaribia kichwa cha ukuta wa ITO, utando unammeza vizuri kuliko ile ya 1064 na kioo kingi bado kinampitisha. Bado ni nanosekunde, bado kuna moto kidogo na kingo zitanyanyuka kidogo, lakini si ile supu uliyoipika. Nguvu ndogo, mwendo wa haraka, pitia mara mbili tatu kuliko mara moja kwa hasira. Na kama telefone ni ya AMOLED, zile ekra zinazojiwashia mwanga zenyewe, acha kabisa, tachi yake mara nyingi iko juu ya ekra yenyewe, ukikosea mikromita chache umeua kila kitu.

*Nafundisha kemia sekondari huku Bukavu, mwaka jana tulitembelea atelye ya vitri Kadutu, vijana wakaniuliza swali nikakosa jibu: kama shida ni kutoa utando mwembamba, si asidi inatosha? Leza ya nini?*
*Mwalimu, Bukavu*

Mwalimu, inatosha, na viwanda vimefanya hivyo miaka mingi. ITO inalika na asidi ya kloridriki, au asidi ya oksaliki ambayo ni ya upole zaidi. Kazi iko pembeni ya asidi: upake dawa ya kuficha, uangaze na UV kupitia kiolezo, uoshe, ndipo uingize kwenye asidi, utoe, uoshe tena, uondoe ile dawa, ukaushe. Na ukitaka kubadilisha mchoro kidogo tu, kiolezo kipya. Leza inachora moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta, hakuna maji machafu ya kumwaga ziwani. Asidi inashinda pale unapotaka kufanya eneo kubwa lote kwa mara moja, leza inashinda pale mchoro unabadilika badilika. Si vita.

Lakini waambie vijana wako kwamba hao wawili wameoana vilevile, na ndoa yao ni nzuri kuliko wakiwa kila mmoja kwake. Unachukua kipande cha silika, unalenga femto NDANI yake, si juu, kwa nguvu ndogo isiyotoa hata vumbi. Mwanga unapita juu bila kufanya kitu, pale tu ulipokazwa na lenzi ndipo fotoni zinakutana, zinabadilisha mpangilio wa kioo kidogo. Kwa macho huoni kitu. Kisha unakizamisha kwenye asidi ya floridriki au kwenye potasi ya moto, na pale palipoguswa panalika haraka mara mamia kuliko pengine. Unapata vijitundu vinavyopinda ndani ya kioo, mifereji ya maji isiyoshika hata nywele mbili, kitu ambacho hakuna kuchimba kwa keekee kungekipa.

Mwalimu, hiyo floridriki usiilete darasani hata tone. Si kama kloridriki inayokuunguza ukajua. Hii inapita ngozi, mwanzoni unaweza usisikie maumivu makubwa, inakwenda kukamata kalisiamu ya mwilini, na moyo unahitaji kalisiamu hiyo ili upige sawasawa. Wanaoitumia wanaweka jeli ya glukoneti ya kalisiamu pembeni kabla ya kufungua chupa. Kuna watu wanauza dawa ya kutia ukungu kwenye vioo vya madirisha, nyingine zina watoto wa asidi hiyohiyo, soma kibandiko kabla ya kuigusa.

*Mimi ni mama, nauzisha paneli za jua hapa komini ya Kenya, Lubumbashi. Kuna paneli fulani nyeusi za kioo, ziko na mistari myembamba sana imenyooka kutoka juu mpaka chini, bakliya (wateja) wananiambia "mama, ulituuzishia yenye kukwaruzwa". Ni kweli zimekwaruzwa?*
*Mama wa paneli, Lubumbashi*

Mama, zimekwaruzwa ndiyo, lakini na leza na makusudi, na bila mikwaruzo hiyo zingekupa volti kiduchu zisizowasha hata redio. Hizo ni paneli za utando, silikoni au kitu kingine kimepakwa juu ya kioo kizima kama siagi kwenye mkate. Kikibaki kipande kimoja ni seli moja, volti yake iko chini ya 1 au karibu na hapo. Kwa hiyo wanakikata vipande vingi na kuviunga kimoja nyuma ya kingine. Ni mikato mitatu inayokwenda pamoja: wa kwanza unakata utando unaopitisha mwanga na umeme, wa pili unakata ile sehemu inayozalisha umeme, wa tatu unakata upande wa nyuma. Ukisogeza jicho utaona mstari mmoja kwa kweli ni mitatu imebanana. Mara nyingi leza inapigwa kupitia kioo, inafika kwenye utando kutoka nyuma, utando unarushwa nje, mambo yaleyale ya fundi wa Birere na vitri yake. Na hapo nanosekunde inatosha, juu utando unameza vizuri rangi ya leza iliyochaguliwa. Nasema hivi ili mtu asifikiri kila kazi inataka femto.

Zile nyingine za bluu, za seli za mraba, rangi yao nayo ni utando, nitridi ya silikoni, nanomita 75 au 80 hivi, kazi yake ni kupunguza mwanga unaoruka nyuma. Na kwenye zile zinazoandikwa PERC, kwa nyuma kuna utando kama huo ambao haupitishi umeme, na leza inaufungua kwa mistari midogo ili chuma kipate kugusa silikoni. Hapo utando hauli mwanga, silikoni ya chini ndiyo inaumeza, inapata kishindo, na utando unaruka kama kifuniko cha sufuria. Mkwaruzo wa kweli, mama, haunyooki hivyo na haurudii nafasi ileile. Mpe bakliya rula apime kutoka mstari mpaka mstari.

*Kifupi tu: ni kweli leza hiyo ya femto inakata jicho la mtu, na mtu anarudi nyumbani anaona?*
*Bila jina, Goma*

Ni kweli. Kornea, ule ukuta wa mbele wa jicho, nayo ni kitu chembamba kinachopitisha mwanga, karibu nusu milimita, kwa hiyo kila kilichosemwa juu ya kioo kinaihusu. Mwanga wa karibu na 1050 unapita juu yake bila madhara, unakutana ndani pale daktari alipoulenga, unatengeneza vipovu vidogo sana vilivyopangana, na vipovu vinafungua tabaka kama ukurasa wa daftari. Wazo hilo lilipata nguvu kwa ajali: mwaka 1993, kwenye maabara ya Mourou kule University of Michigan, mwanafunzi aliguswa jichoni na leza ya femto, daktari aliyemchunguza akashangaa jeraha lilivyo safi na duara, akaja kuuliza ni leza gani hiyo.

Huyo mwanafunzi hakuwa amevaa miwani ya kinga, na hapa narudi kwako fundi wa Birere, juu hukuitaja popote kwenye barua. Mwanga wa 1064 hauonekani, kwa hiyo jicho halitapepesa, lenzi ya jicho inaukusanya mpaka nukta moja nyuma kabisa, na kule nyuma hakuna maumivu, siku ile utaona tu doa ambalo haliondoki. Miwani ya kijani iliyokuja ndani ya karto angalia kama imeandikwa 1064 na OD 5 au zaidi (OD ni kipimo cha miwani inavyozuia mwanga), kama haina maandishi ni miwani ya jua. Ukihamia UV ya 355 hiyo ya 1064 haikusaidii, ni nyingine.

Na ile tablete iliyopasuka usiitupe. Kama unapita upande wetu siku yoyote baada ya saa nane, ilete na ekra zako zilizokufa, mikroskopu ipo, tutaangalia kwenye 70% utando uliishia wapi.